Kitufe cha Kushoto

Kompyuta mpya ni nyembamba kama biskuti ya chai.
Vidole vinazama milimita moja, vinagonga sakafu,
na ikifika saa nne usiku
vifundo vya mikono vinadai fidia.

Nilileta kibodi ya springi. Tarvo, toka chumbani,
akauliza kama mvua ya mawe imeanza Tartu.
Nikavisha kila kitufe pete ya mpira.
Akauliza tena.

Basi nikarudi kwa biskuti.
Nikainua mgongo wake kwa kamusi ya Kifini,
nikakata kucha.

Kisha nikakitazama kile cha kushoto,
kinachofanya maneno yote yapige kelele.
Miaka ishirini kimekalia mahali pazuri bila kazi,
kama shemeji kwenye kochi.
Nikakifundisha kufuta.

Sasa kidole cha mwisho, kitindamimba wa mkono,
hakisafiri tena hadi kona ya mbali kuomba radhi.
Nakosea, narudi. Nakosea,
narudi.

"Umenyamaza," Tarvo anasema.
Namwandikia dada yako Leelo,
kuhusu ile nyumba.
Nimefuta mara tisa.