Mizani ya Tisa

Duka langu liko Bondeni, kati ya kinyozi na muuza mitungi ya gesi.
Fotokopi, barua za kuomba kazi,
tanzia kurasa mbili shilingi mia tatu.
Nimezika watu wengi kwa maneno yale yale:
nguzo ya familia, pengo lisilozibika,
mcheshi, mkarimu, mcha Mungu,
hata yule wa Shabab ambaye jirani zake
walikuja kuhakikisha kafa.

Zamani niliandika mashairi.
Sijui yalikomea wapi. Labda kwenye tanzia ya mia mbili,
labda siku nilipomfungulia Karani mlango.
Wengine huiita akili unde, wengine akili mnemba;
mimi niliipa jina la kazi yake.
Karani hachoki. Karani hapigi chafya.
Unamtajia marehemu, na kabla chai haijapoa
marehemu amekwisha kuwa mtakatifu.

Kisha Februari, vumbi la ziwa likiwa limefunga anga,
akafa Pacifica Moraa, mama yangu.
Ndugu zangu wakasema: wewe ndiye wa kalamu.
Nikakaa. Kalamu ikakaa.
Saa nane za usiku nikamwambia Karani: niandikie.

    Mama yangu mama mwema, mlezi wa maishani,
    Kwa upendo na huruma, alitulea nyumbani,
    Hata leo nikisema, machozi yangu machoni,
    Ewe Mama lala pema, upumzike peponi.

Vina safi. Mizani kumi na sita kila mshororo.
Nilihesabu kwa vidole nikitafuta kosa,
kama mtu anayenusa shati la dukani akitafuta jasho.
Nikasoma makaburini. Watu wakalia.
Mimi sikulia. Nilikuwa nimemzika mama wa mtu mwingine.

Tangu hapo kuna daftari la jalada jeusi.
Saa kumi na moja alfajiri simu naifungia ndani ya debe la unga,
naandika chochote: bei ya vitunguu, ndoto ya meno,
mbwa wa Kaptembwo wanavyojibizana.
Wiki tatu nzima ni takataka.
Nilitaka kusema takataka zenye mbegu.
Hapana. Takataka.

Wiki ya nne nikamtoa Karani kwenye unga
nikampa sheria: uliza tu. Ole wako ujibu.
Mama yako alipenda nini?
Swali la mkutano wa wazazi. Jingine.
Alicheka vipi?
Jingine.
Akirudi kazini, mlango ukifunguka,
ni nini kilichotangulia kuingia?

Nikaiweka simu chini.

Harufu. Kiwanda cha pareto,
maua makavu yaliyosagwa, ile iliyong'ang'ania leso,
godoro, hata ugali,
mbu wakituhama wakahamia kwa kina Chelagat,
na sisi watoto tukipiga chafya badala ya kumwamkia,
naye akivua viatu mlangoni:
salamu zenu nimezipokea.

Nikaandika kwa wino, bila kuombwa na mfiwa yeyote:

    Mama alinuka pareto, hata siku ya harusi

Nikamwonyesha Karani
kama mtoto anavyoonyesha jino lililong'oka.
Akasifu kwanza, ndiyo desturi yake.
Kisha: kipande cha kwanza kina mizani tisa, andika 'linuka.
Tena, alinukia lina heshima zaidi.
Na kama ni Nakuru, mbona hakuna heroe?

Heroe hawakutulipia karo.
Alinuka. Zote tisa.
Ile moja iliyozidi ni yeye,
aliyekaa benchi la watu wanane kanisani
akasema sogeeni.

Mshororo wa pili bado haujaja.
Kumekucha, kinyozi anagonga vumbi kwenye taulo,
na mteja wa kwanza yuko mlangoni
na picha ya baba yake ndani ya bahasha.
Kurasa mbili, anasema, zile za kawaida.
Namuuliza: akirudi nyumbani,
ni nini kilikuwa kinatangulia kuingia?

Ananitazama kama nimemdai.
Anavuta kiti.