Kifungu cha Divai, Malaba

Lori limetua saa tisa usiku, breki bado zinanuka.
Mimi Oketcho, mkaguzi wa daraja la sita,
tochi mdomoni, fomu kwapani,
nimekata lakiri, nimefungua mlango:
makreti mia moja na arobaini ya divai ya Ufaransa,
yanaenda Kololo, kwa watu wa glasi ndefu.

Kitabu cha ushuru hakina maneno mengi.
Kinauliza: inatoa povu, haitoi?
Chupa yazidi lita mbili, haizidi?
Basi. Andika namba, gonga muhuri.
Kwa serikali yangu zabibu zote ni tumbo moja.

Lakini chupa zenyewe hazitaki undugu.

Hii ya Bordo inajinadi kwa jumba.
Mwaka elfu moja mia nane hamsini na tano
madalali waliketi wakapanga majumba ngazi tano,
kipimo chao bei,
na tangu hapo mjukuu hurithi ngazi ya babu
awe amelima, awe amelala.
Nilicheka peke yangu ndani ya lori.
Ofisini kwetu tunao wa namna hiyo.

Shampeni imefungwa waya shingoni
kama mbwa wa getini.
Alsasi inataja zabibu yake waziwazi,
haina la kuficha.

Bugundi, sasa.
Bugundi haijali jumba, ngazi wamepewa shamba.
Huku kwa ukuta wa mawe: daraja la juu kabisa.
Vuka kijia cha punda,
mzabibu uleule, jua lilelile,
na wewe ni divai ya kijiji tu.
Hapo sikucheka.
Mimi mtoto wa mpaka.
Binamu zangu wanaoga ng'ambo ya mto huu,
maji yaleyale, sabuni ileile,
na Jumatatu nawadai karatasi.

Kreti la kumi na tisa lilikuwa linavuja.
Chupa moja, shingo imepasuka.
Sheria haina kona: kilichovunjika hakiuzwi, hakinywewi,
kimwagwe mbele ya shahidi.
Na shahidi wa saa kumi alfajiri nimtoe wapi
ila Akiteng, nyuma ya maegesho,
anayechochea moto wa maji ya ajon?

Akiteng naye ana ngazi zake, hakuziandika popote.
Ulezi wa Ngora kwa wenye harusi.
Wa Kumi kwa wenye msiba, maana unakaa.
Ule wa bondeni huchangamka mapema, hufa mapema,
huo anawapa madereva,
wenye haraka hawajui wanachofyonza mrijani.

"Huyu katoka wapi?" aliuliza, kama anauliza mgeni.
Nikamsomea: kijiji, shamba, mwaka.
Jina la mwenyewe lilikuwa limelowa.
Alisogeza pua.
"Mvua ilichelewa kwao."
Umejuaje?
"Ameng'ang'ana, huyu."
Kidole chake kilipita kwenye ufa, kikapita mdomoni.
Mkaguzi wakati huo alikuwa akitazama saa.

Tukamwaga.
Udongo wa Malaba umekunywa dizeli miaka mingi,
haukushangaa.
Ulivuta polepole, ukaacha duara jeusi,
na siafu wawili wakazunguka ukingoni
kana kwamba wanapima kiwanja.

Akiteng alitia dole gumba, akarudi kwa sufuria yake.
Kwenye fomu, penye Mahali pa Asili,
niliandika Ufaransa, na nafasi ikabaki kubwa.
Penye Mahali pa Kumwagwa nilijibana:
Malaba, upande wa Uganda,
nyuma ya maegesho, mteremko mdogo kuelekea mtoni,
hatua nane kutoka jiko la Akiteng,
udongo mwekundu, kokoto kiasi,
jua la asubuhi.

Dereva alipiga honi.
Daraja la shamba sikujaza.
Fomu yetu haina kisanduku chake.