Kidole cha Shahada

Wakili Nyafwono hajatundika shahada ukutani.
Ofisini mwake Tororo, juu ya duka la misumari,
kuna picha moja: choo.

Kiwanda kilikula vidole viwili vya babake,
kikamlipa mifuko mitatu ya saruji.
Wakaijengea choo.

Aliwahi kuwa karani wa majeruhi hospitalini:
mguu, bodaboda; jicho, cheche;
mkono, mashine, mashine, mashine.
Miaka sita akiandika tu,
ndipo akaenda Makerere
kuuliza bei.

Leo mahakamani wakili wa kampuni anacheka:
kidole ni kidole.

"Cha shahada, Mheshimiwa," anasema Nyafwono,
"kile cha kumwonyeshea mtoto herufi."

Hakimu anautazama mkono wake mwenyewe,
kalamu imeegemea
hicho hicho.