Nusu ya Mluzi

Saa kumi na moja kasoro, Butere bado ni giza la masizi,
na baba ananigonga mguu kwa bakora: mara mbili,
maana yake amka. Mara moja maana yake maji.
Kaka zangu wamejifunika gubigubi, wanakoroma kwa makusudi.

Mvua ya kwanza ilinyesha juzi.
Udongo umeachia harufu,
kumbikumbi wametupa mabawa kizingitini,
na kware wameshuka usiku, hakuna ajuaye kutoka wapi.
Kutoka mwaka jana, baba alikuwa akisema.

Nabeba mlingoti begani, matundu matano,
kila moja kitako cha kibuyu na kuta za vijiti,
na ndani yake dume la kuitia,
zito kama mayai mawili, lenye majivuno kama diwani.
Baba anabeba vitanzi kwa mkono unaomtii.
Mkono mwingine unamfuata tu
kama mgeni asiyejua njia.

Tunapita nyuma ya boma la Wakhungu,
tunapita miwa, umande unanilowesha hadi mapajani,
mpaka konde la wimbi lililolimwa nusu.
Nasimika mlingoti. Yeye anapiga magoti
(goti moja; la pili namkunjia mimi)
na kupandikiza vitanzi nyasini,
singa za mkia wa ng'ombe, fundo linaloteleza,
kimoja, kisha kimoja, hatua ya mtoto kati yake.
Siruhusiwi kusaidia. Nilijaribu jana,
akanipiga bakora ya kifundo cha mguu,
maana yake: kwani nimekufa?

Kisha tunakaa, migongo kwenye kichuguu.
Kukaa ndiyo kazi yenyewe.

Zamani, kabla ya kiharusi, hapa ndipo angekunja midomo
na kutoa kile kitu: pwit, pwi-pwit,
matundu yote yakalipuka kwa kuitika,
bonde zima likaanza kubishana.
Watu walisema Shitseswa alilelewa na ndege.
Sasa mdomo umeshuka upande wa kushoto;
akipuliza, hutoka upepo na mate.
Anajaribu hata hivyo. Natazama pengine.

Basi napiga mimi.
Mluzi wangu ni wa kuita mbwa, nalijua hilo.
Huko juu matundu yananyamaza kwa fedheha.
Baba anagonga ardhi kwa kidole: moja. Kimya. Mbili za haraka.
Napiga tena.
Anagonga tena, kwa hasira.
Tena.

Ndipo dume wa tundu la tatu akanionea huruma,
akaichukua sauti kinywani mwangu, akainyoosha.
Wa nne akaitika. Wote.
Na huko mbali, ndani ya miwa,
mmoja asiyetuhusu:
pwit, pwi-pwit.

Baba akanishika mkono.
(Si kwa mkono ule mwingine. Mambo hayatokei hivyo.)
Nyasi zikatikisika kidogo, zikatulia,
zikatikisika karibu zaidi.
Haruki; anakuja kwa miguu,
kama mtu anayekwenda kugombana kwa jirani.
Nikaona shingo, mstari mweupe juu ya jicho,
kisha kitanzi,
kisha sauti ndogo ya kitambaa kuchanika.

Tulipata wanne. Wa tano alikata singa, akaondoka nayo mguuni.
Mpaka sasa nadhani yuko mahali anaburuta uzi wetu.

Nyumbani, kabla ya kunyonyoa, kabla hata ya chai,
baba analisha wale wa matundu, wimbi, punje kwa punje.
Alikuwa na neno lake la saa hiyo,
nami nikalisema kwa niaba yake:
"Msaliti hulipwa kwanza."

Akatikisa kichwa. Nimelikosea.
Akafungua mdomo, akahangaika nalo, akaliacha,
akanimiminia kiganjani wimbi lililobaki,
limelowa jasho tayari,
nimalizie.