Pete ya Kuunganisha

Mwili wa kamera mpya ulikuja na boti ya usiku kutoka Goma,
umeviringishwa ndani ya blanketi la mtoto.
Alfajiri nilikuwa bandarini, dola zangu
zimekunjwa mara nne ndani ya soksi.

Kabla ya hapo niliuza.
Kwanza ile ndefu, milimita mia mbili,
niliyoinunua nikiota mipira na hotuba:
siku moja kutoka Nguba ilinivutia mtu akianika shati Rwanda,
nikahesabu hadi vifungo.
Sikujua jina lake, wala hakunilipa.
Zihalirwa aliichukua kwa nusu bei.
Kisha themanini na tano, kipenzi cha maarusi,
iliyogeuza ukuta wenye nyufa kuwa ukungu wa asali.
Lakini nyumba za Kadutu ni nyumba za Kadutu:
hatua ya tatu kurudi nyuma unampata bibi harusi mzima,
hatua ya nne ni korongo.
Mguu wangu wa kushoto bado unaikumbuka harusi ya Nabintu.

Watu hufikiri lenzi ni jicho.
Lenzi ni pa kusimama.
Ishirini na nne: umeingia jikoni, unasikia sombe ikichemka,
na pua ya mama mkwe imekua, atakulaumu mpaka Krismasi.
Thelathini na tano: umealikwa kuketi.
Hamsini: uko mlangoni, viatu mkononi.
Mia mbili: uko ng'ambo ya maji, na hujaomba ruhusa.

Basi nikachukua thelathini na tano ya ukoo mpya,
ndogo kama kikombe cha chai,
nikabaki na hamsini ya zamani, ya mwalimu wangu Cirhuza,
aliyepigia nayo vitambulisho vya nusu ya Bagira.
Ndani yake kuna kuvu,
utandu mweupe, kama mvuke wa ziwa ulioingia ukakataa kutoka.
Zihalirwa aliigeuza, akaipuliza,
akanirudishia kama anayerudisha sahani tupu.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema.
Sawa.
Ila mbachao wangu ulikuwa na kilo mbili na nusu,
na njia ya Funu ni kupanda tu,
na shingo ni hii moja.

Ile ya zamani ilikuwa na kioo kinachoruka: klap!
Watu waliijua. Walibana pumzi mpaka klap, kisha wakacheka,
na kicheko hicho ndicho nilichokiiba kwa klap ya pili.
Hii mpya haisemi kitu.
"Umepiga?"
"Nimepiga."
"Saa ngapi?"
Mzee mmoja wa Panzi alikakamaa dakika nzima,
kidevu juu kama anayenyolewa,
nami nilishamaliza picha kumi na mbili za kukakamaa kwake.
Siku hizi napiga ulimi mwenyewe, tok,
ili wapate kupumua.

Na pete. Fundi wa Nyawera aliniuzia kwa dola kumi na nane:
upande huu meno ya ukoo wa zamani, upande ule meno ya ukoo mpya.
Nikavisha. Ikalia kidogo, ikakubali.
Ndoa isiyo na mazungumzo:
kamera inauliza, lenzi haijibu,
kwenye kioo kunaandikwa sufuri, sufuri,
kama nyumba isiyo na mtu.
Kulenga ni kwa vidole, kama kutafuta stesheni ya redio.

Jumapili umeme ulikatika.
Nsimire alikaa dirishani, mtoto begani,
mvua imeyaachia tu mabati.
Nikazungusha, nikarudisha, nikalenga jicho.
Tok.
Nilipoikuza picha, jicho lilikuwa limeponyoka;
kilichoshika ni sikio, hereni, jasho dogo chini yake,
na kuvu imemwaga dirisha juu ya kila kitu.

Nikampelekea pamoja na zile safi za thelathini na tano,
unywele kwa unywele.
Alizipitia mbio, akasimama kwenye hii.
"Hapa," akasema, "nilikuwa nasikiliza kama amelala."

Kisha akaomba nimpunguzie bei,
maana ina ukungu.