Swali la Kumi na Tisa

Sakafu ni ya nini?
Udongo. Mbao. Saruji. Vigae.
Vyumba vinne vya karatasi, chagua kimoja.

Nimepanda kutoka Huancavelica kwa lori la viazi,
kisha kwa miguu, hadi pumzi
ikawa kitu cha kukopa.
Mimi ni karani. Nalipwa kwa kila fomu inayojaa.
Tumbo ni habari nyingine.

Saturnina Ccanto amenipa supu, kigoda,
na ruhusa: "Uliza, baba, kabla mvua haijaja."

Nikauliza. Redio? Ipo, huongea ikipigwa kofi.
Choo? Kule. Kitanda? Kimoja, watu watano,
"lakini baridi hulala katikati, andika sita."
Jokofu?
Akafungua mlango wa nyuma
akanionyesha mlima.

Mstari wa umaskini haupiti kijijini hapa.
Ulichorwa Lima, kwa rula, na watu wasio wabaya
waliojaza kikapu vichwani mwao:
mchele, kuku, mafuta, sabuni, nauli ya basi.
Asiyekimudu ni maskini.
Anayekimudu akabakiwa na senti, si maskini tena,
ajitibu mwenyewe.
Ndani ya kikapu sikuona saa tano za kumbeba mgonjwa.
Sikuona deni. Sikuona haya.

Haba na haba hujaza kibaba, tunaambiwa;
kibaba cha nani, hatuambiwi.

Na wastani! Ng'ambo ya bonde kuna mwenye mgodi,
Don Fermín Arrieta, ana ndege ndogo na farasi kumi na mmoja.
Mjumlishe na kijiji, gawanya kwa vichwa,
kila kichwa kinapata kipande cha bawa
na ukwato mmoja wa farasi.
Saturnina hajawahi kuuona ukwato wake.

Sababu hazina swali kwenye fomu.
Babu wa babu yake alishuka shimoni kuchimba zebaki,
zebaki ikaenda kusafisha fedha,
fedha ikavuka bahari, ikawa fedha,
neno moja, safari mbili,
na huku yakabaki mapafu yaliyotoboka
na shimo lenyewe.
Hilo ningeliandika wapi? Pembeni hakuna nafasi.

Turudi sakafuni.
Edilberto, mwanawe, huvuna avokado Ica;
mwaka jana alituma mifuko sita.
Waliikoroga jua likiwa kali, wakaisawazisha kwa ubao wa mlango,
kwa ajili ya mtoto mwenye kikohozi.
Kuku alipita kabla haijakauka:
vidole vitatu, vidole vitatu, mpaka jikoni.

Sitakiwi kuzijua alama, lakini nazijua.
Udongo: sifuri. Saruji: tisa.
Kwa hizo tisa nyumba hii itavuka mstari,
na ruzuku ya kila miezi miwili itakatwa
na mashine isiyokohoa.

Nikashusha sauti: "Mama, naweza kuandika udongo."

Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mtoto.
"Miaka thelathini nimefagia vumbi, likirudi.
Sasa nina sakafu.
Nawe uniandikie sina?"

Nikatia alama kwa penseli, nyepesi,
kama abishaye hodi akiomba pasiwe na mtu.
Mkaguzi ana wino.

Nilipokuwa nateremka mvua ilianza,
nikamsikia nyuma yangu akifagia:
ufagio juu ya saruji, sauti kavu, ya kukwaruza,
na hakuna kilichoinuka.