Safu ya Shaka

Dakta Zuwena hakuniuliza nimepata nini.
Alilivuta daftari, akaweka kidole palipo wazi:
"Namba nimeziona. Shaka yake iko wapi?"

Chuo changu cha kwanza kilikuwa cha mkeka,
kwa Maalim Faki, Maziwang'ombe,
na huko shaka ilikuwa ya Ibilisi;
tuliifukuza kwa kelele hadi makoo yakakauka.
Chuo cha pili, Tunguu, kina viyoyozi,
na huko namba isiyo na shaka
hurudishwa kama noti iliyochanika.

Basi nikavuka kurudi Pemba na mzigo wangu:
nondo nne zilizochongwa na fundi mageti wa Konde,
betri ya pikipiki, waya mita mia mbili,
na mita ya umeme ya kuazima, imebandikwa karatasi:
IRUDI KABLA YA RAMADHANI.

Kwa maandishi, mradi ni ukinzani wa ardhi
na mpaka wa maji matamu na ya chumvi chini ya mawe.
Kwa mdomo, kisimani, nilisema:
natia umeme kidogo ardhini, nasikiliza unavyotaabika.
Penye chumvi hupita mbio.
Penye maji matamu husita.
Penye jiwe kavu hugoma.
Bi Mize akauliza kama umeme huo una bili.

Watoto walishaamua kuwa natafuta rupia za Mjerumani,
na Shaame, mshika waya wangu,
aliwauzia nafasi za mbele kwa pingili ya muwa.

Vituo sita vilikwenda kama kitabu.
Cha saba, hatua thelathini kutoka kisimani:
asubuhi arobaini na moja,
baada ya alasiri kumi na tisa.
Nondo zilezile. Jiwe lilelile. Mkono wangu uleule.

Sitajisifu uaminifu. Nilifuta.
Lakini daftari la bei rahisi halisahau,
lilibaki na kivuli cha kumi na tisa,
na kivuli ndicho alichokiona Dakta
kwenye picha niliyomtumia kwa simu.
Akajibu maneno manne:
"Ulifuta nini hapo? Rudi."

Nikarudi bamvua ya mwezi mpevu wa Shaabani.
Kila saa, tangu alfajiri hadi isha,
nikapima, nikaandika, nikapima.
Bahari ilipojaa namba zikashuka,
ilipotoka zikapanda,
lakini si papo hapo: nyuma kwa saa mbili hivi,
kama maamuma nyuma ya imamu.

Nikamkimbilia Bi Mize, miguu yote tope.
Alikuwa akifunga kamba ya ndoo.
"Siku za bamvua maji ya magharibi hatuyapikii chai,"
akasema. "Hilo tu? Na waya wote huo?"

Nikamuuliza: huanza saa ngapi?
Chumvi huzidi kwa kiasi gani?
Akaiacha kamba. Akalitazama shimo
kama lililomficha jambo miaka yote.
"Hapo," akasema, "sina hakika."
Nikachora safu mpya, nikampa kalamu ashike,
tukaanza hapo.

Mita niliirudisha siku ya shaka,
mwezi umegombaniwa usiku kucha:
jirani zangu wamefunga, wenzao wanakunywa chai.
Dakta akafungua kitabu cha vifaa, akaandika:
Imerudi kabla ya Ramadhani,
kujumlisha au kutoa siku moja.